Tupeane uzoefu: besiboli ya LSU, nani alikuingiza na ni mechi gani imekukaa?

Mwana wa Baton Rouge

Wakuu, salaam. Kila Februari nikianza kuzungumzia besiboli ya LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana kilichopo Baton Rouge, Marekani, kwenye kundi la ukoo napata maswali yaleyale: mchezo gani huo, mbona hauishi, mbona timu ya chuo inajaza uwanja? Najua humu tupo tuliopita Louisiana kwa masomo, kazi au ndoa, na wapo wanaofuatilia wakiwa mbali kabisa. Kila mmoja aseme aliingiaje na ni mechi gani hajaisahau.

Naanza mwenyewe. Nilifika pale kwa shahada ya pili, kichwani mna Simba na Yanga tu. Aliyenivuta ni mzee mmoja, fundi wa maabara yetu. Hakunifundisha kanuni hata moja. Alinisimulia tarehe 8 Juni 1996: fainali ya taifa ya vyuo mjini Omaha, Nebraska, LSU wako nyuma 8-7 dhidi ya chuo cha Miami, zamu ya tisa na ya mwisho, wapigaji wawili wameshatolewa, mkimbiaji mmoja yuko kituo cha tatu. Anaingia Warren Morris, kijana aliyekosa sehemu kubwa ya msimu baada ya kufanyiwa upasuaji wa mfupa wa mkono, na ambaye mwaka ule hakuwa amepiga hom rani hata moja (yaani kuupiga mpira nje ya uzio, mpigaji na wakimbiaji wote wakapata pointi). Mpira wa kwanza aliorushiwa akaupeleka nje ya uzio wa kulia. 9-8, kombe. Wachezaji wa Miami wakalala kifudifudi palepale kwenye nyasi. Mzee alikuwa akifika hapo anaweka chini chochote alichoshika, anakunja viganja pamoja na kuonyesha jinsi gongo lilivyoshikwa, kidole kwa kidole.

Kocha siku hiyo alikuwa Skip Bertman. Alichukua timu 1984, wakati jukwaani watu ni wa kuhesabu, akaondoka 2001 akiwa na makombe matano ya taifa: 1991, 1993, 1996, 1997 na 2000. Ule mwaka wa 1997 walipiga hom rani 188, rekodi ya vyuo vyote. Baadaye Paul Mainieri akaongeza la 2009, na Jay Johnson akaleta la 2023 na la 2025. Jumla manane. Karibuni.

Mama Zuhra

Mimi niliingia kwa mlango wa jikoni. Mume wangu alipata kazi Baton Rouge, nikawa nashinda ndani, simjui mtu. Jirani yetu, mama wa makamo, akagonga Ijumaa moja ya Machi: "Vaa zambarau, twende uwanjani." Mechi ilikuwa ya jioni, sisi tukafika adhuhuri! Nikakuta watu wameegesha magari, wametandaza viti, na mabwana watu wazima wanapika. Sufuria la chuma jeusi, zito, limekaa juu ya moto wa gesi, na mpishi anakoroga kwa kasia la mbao refu kama la ngalawa. Hiyo ndiyo jambalaya. Nyama inakaangwa kwanza mpaka ishike chini, kitunguu kinafuata mpaka kibadilike rangi, ndipo supu na mchele vinaingia. Nikasimama pale nikiangalia kitunguu kinavyogeuka, machozi yakanilenga, maana nilikuwa sijasikia harufu ya namna hiyo tangu nitoke Tanga.

Wao wanatia nguruwe na soseji. Jirani alipojua sili, wiki iliyofuata alileta sufuria jipya, dogo, akaniambia nilete kuku wangu wa halali, akanipikia mbali na lile kubwa. Akafanya hivyo kila tulipokwenda. Ndiyo maana siwezi kuwa shabiki wa timu nyingine, hata tulivyohamia Texas. Hapa wananisema, na mimi navaa zambarau na dhahabu.

Halafu jambo ambalo wengi hawajui. Uwanja unaitwa Alex Box, na mimi nilidhani ni tajiri aliyetoa fedha. Kumbe ni mchezaji wao wa zamani, Simeon Alex Box, aliyekufa vitani Afrika Kaskazini 1943. Uwanja wa zamani ulipewa jina lake, na ulipojengwa mpya 2009, jina likahamishwa nao.

Kijana wa Magomeni

Heshima yako, mama. Mimi sijawahi kufika Marekani. Kaka yangu ndiye alisoma huko, na mechi nazitazama kwenye simu. Tatizo ni saa. Wao wakianza saa kumi na mbili unusu jioni, huku ni saa nane unusu usiku, na hapo ni wakati wa kiangazi chao. Februari ni mbaya zaidi.

Mechi yangu ni ile ya Wake Forest, Omaha, usiku wa kuamkia 23 Juni 2023. Atakayeshinda anaingia fainali. Kwa LSU Paul Skenes, kwa Wake Forest Rhett Lowder, warushaji wawili hatari kuliko wote vyuoni mwaka ule. Skenes alirusha zamu nane bila kuruhusu pointi. Watu wanaikumbuka kwa hom rani ya Tommy White, mimi naikumbuka kwa Tre' Morgan. Zamu ya nane, 0-0, mkimbiaji wa Wake Forest yuko kituo cha tatu, mpigaji anaugusa mpira kidogo tu ili mwenzake akimbilie nyumbani. Morgan, mlinzi wa kituo cha kwanza, tayari alishachomoka mbele. Anauokota akiwa anakimbia, anamrushia mdakaji kwa mkupuo mmoja huku mwili ukianguka, na mkimbiaji anaguswa akiteleza. Pointi imekufa pale. Nilirudisha video mpaka mechi yenyewe ikanipita mbele.

Zamu ya kumi na moja Dylan Crews akafika kituoni, White akaupiga nje. 2-0. Muda mfupi baadaye muadhini wa mtaani akaanza alfajiri, na mama akadhani nimeamka kuswali. Niliamka kweli, nikaenda msikitini.

Mwezi uliofuata Skenes akachaguliwa wa kwanza na Crews wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Haikuwahi kutokea wawili wa kwanza kutoka chuo kimoja.

Mgeni wa Mchezo

Wakubwa, mimi nasoma tu. Hiyo ratiba ikoje? Naona wanacheza kila siku.

Mwana wa Baton Rouge

Si kila siku, lakini ni karibu. Msimu wa kawaida ni mechi 56, kuanzia katikati ya Februari. Mwishoni mwa wiki wanacheza na timu moja mara tatu mfululizo, kwa kawaida Ijumaa hadi Jumapili. Jumanne au Jumatano ni mechi za katikati ya wiki, mara nyingi na vyuo jirani vya Louisiana. Kuanzia Machi inaingia ligi ya SEC, ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, wikiendi kumi, mechi 30, na hapo hakuna mnyonge. Mwisho wa Mei kuna mashindano ya SEC huko Hoover, Alabama. Kisha timu 64 zinagawanywa vituo 16 vya timu nne nne, zinabaki 16 zinazopambana mbili mbili, anayeshinda mara mbili anapita. Nane ndizo zinakwenda Omaha mwezi Juni. Ukitaka kuanza, anza na Ijumaa, maana ndipo mrushaji namba moja hupangwa.

Ndugu wa Bukavu

Jambo wote. Mimi naishi Omaha, tulifika hapa kama wakimbizi. Kwetu besiboli haikuwepo, lakini Juni mji wote unabadilika. Naendesha gari la abiria, kwa hiyo mashabiki nawajua kwa sauti. Watu wa LSU ndio wanaokuja na chakula chao, wanapika kwenye maegesho, na mpita njia haachwi hivihivi. Kila nikiwashusha wananitilia sahani mkononi.

Iko baa moja karibu na uwanja, inahesabu vikombe vidogo vya jeli yenye pombe vinavyonunuliwa na mashabiki wa kila timu, na sehemu ya fedha inakwenda kwenye misaada ya chakula. Mwaka 2023 LSU walifika 68,888. Mimi mlokole, pombe sigusi, ila ile ya chakula naiheshimu, maana familia yangu ilikula kutoka kwenye ghala za misaada mwaka wetu wa kwanza hapa.

Mechi yangu ni ya 2025 na Arkansas. LSU nyuma kwa pointi mbili, zamu ya tisa, wakafunga tatu, Jared Jones akamaliza, 6-5. Abiria wangu walikuwa wameondoka mapema. Njia nzima walikuwa kimya, mpaka redio ikatangaza.

Mwalimu wa Kisumu

Ndugu zangu, msiisahau Baton Rouge ya upande wa pili. Binti yangu alisoma Southern University, chuo cha Wamarekani weusi, mji huohuo, kaskazini mwake. Southern ndicho chuo cha kwanza cha weusi kuchukua ubingwa wa taifa wa besiboli, ule wa NAIA, chama cha michezo cha vyuo vidogo, mwaka 1959, na Lou Brock, aliyeingia baadaye kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli, alikuwemo kikosini. Wakati huo LSU haikuwa ikiwachukua wachezaji weusi. Nilipomtembelea binti tulikwenda kutazama timu hizi mbili zikikutana Jumanne. Jukwaani nilikaa karibu na babu mmoja wa Southern aliyevaa kofia ya samawati, na kila mchezaji mweusi wa LSU alipoingia alimpigia makofi pia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ningewapigia wajomba wangu, lakini wao hawakuruhusiwa kuingia uwanja ule." Mimi ni shabiki wa Southern, na uzi huu nimeuingia kwa ajili ya babu yule.

Mama Zuhra

Ahsante sana mwalimu. Miaka yote nimekaa pale, hilo la 1959 hakuna aliyenisimulia.

Kocha wa Watoto, Dar

Nimewasoma wote. Mimi nafundisha besiboli vijana wa sekondari. Tuna uwanja pale Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani, na vijana wanaupenda mchezo kuliko wazazi wao wanavyoamini. Huwa nawaonyesha Kade Anderson kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya 2025 dhidi ya Coastal Carolina: zamu zote tisa peke yake, 1-0. Nasimamisha video anapoinua goti, wahesabu anakaa juu kwa muda gani kabla ya kushuka. Nina kijana wa kidato cha pili, naye ni wa mkono wa kushoto kama Anderson, anarusha vizuri mno, lakini anavaa glavu ya wenzake wa kulia, kidole gumba kikiwa upande usiotakiwa, na mpira unamchomoka. Mkuu wa Baton Rouge, ukija likizo, glavu moja ya kuvaa mkono wa kulia ingemsaidia sana.

Mwana wa Baton Rouge

Nimekupata, kocha. Nakuja Desemba. Pima kiganja chake kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, unitumie.