Pesa ninayo mkononi, nani ananiuzia wimbo wa Kibongo usio wa wizi?

Wakuu salaam. Nimeingia humu na hasira, mtanivumilia. Wale wa "tafuta kazi nyingine" nyuzi za mpira ziko kule, huku hakuwahusu.

Mimi ni DJ, naishi Sakina hapa Arusha. Wikiendi napiga harusi na sendofu, Arusha na Moshi, na katikati ya wiki nina sehemu yangu Njiro. Kodi ya nyumba inatoka humo humo. Miaka miwili iliyopita nilijiapiza kuachana na nyimbo za kuokota: kila ninachopiga niwe nimekinunua, faili safi, risiti ipo. Si kwamba nimeokoka. Ni spika. Wimbo mbovu ukiusikiliza kwenye simu hujui kama ni mbovu. Uweke kwenye muziki mnene, besi inavuma kama debe, na anayeumbuka ni wewe uliyesimama nyuma ya mashine.

Jumamosi mbili zilizopita niliumbuka vizuri tu. Harusi Moshi, ukumbi umejaa, kamati imenipa wimbo wa kuingizia ndafu. Wimbo wa msanii wetu, tena wa huku huku Kaskazini. Nilihangaika siku nne nipate pa kuununua, hola. Ijumaa jioni nikasalimu amri, nikapeleka flashi kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na stendi. Nikasikiliza mwanzo kwa hedifoni, uko sawa, nikasepa. Kesho yake ndafu anaingia, mpishi mbele na kofia yake ndefu, mbuzi ana majani mdomoni, wajomba wanacheza, halafu ubeti wa pili muziki unashuka na sauti ya dada mmoja inasema kwa madaha: "Unasikiliza nyimbo hii kwa hisani ya..." ikataja blogu. Mchungaji pale meza kuu akageuka kunitazama. MC naye hana huruma: "DJ, hiyo blogu imechangia shilingi ngapi kwenye kamati?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama wa bwana harusi hakucheka.

Sasa niwaambie hizo siku nne zilivyokwenda.

Nina programu mbili za kusikilizia muziki, nazilipia kila mwezi. Zote zina kitufe cha kupakua. Ukipakua, wimbo unakaa humo humo umefungwa kufuli: hauendi kwenye flashi, programu za kupigia za madj, Serato na Rekordbox, haziuoni, na siku usipolipa unayeyuka. Hapo hujanunua kitu, umekodi, tena kwa masikio yako mwenyewe, si kwa ukumbi wa watu mia nne. Nikajaribu nyingine inayokupa faili lenyewe, MP3, bure kabisa. Nikashukuru Mungu. Kufungua, wamechomeka tangazo mwanzoni. Naunganishaje mdundo na tangazo la sabuni?

Kuna wale watakaosema "shusha YouTube tu". Ndugu zangu, acha hata kwamba masharti yao hayaruhusu. Sauti ya kule imeshabanwa, ni kilobiti kama 128 mpaka 160 kwa sekunde. Zile tovuti zinazokuandikia "320" zinachukua sauti ile ile iliyobanwa zinaipuliza ivimbe. Ni mama muuza mbege amebakiwa na kata moja, akaongeza maji mpaka ndoo ikajaa, akakuuzia kwa bei ya ndoo. Mnaobisha, pakueni Spek, ni programu ya bure, inakuchorea picha ya sauti. MP3 ya 320 ya kweli inapanda mpaka karibu kilohezi 20 (hicho ni kipimo cha wembamba wa sauti). Iliyopulizwa mara nyingi utaikuta imekatika kwenye 16, mstari umenyooka kama umepigwa panga. Usiku mmoja nilikaa nikakagua folda yangu nzima ya zamani ya Bongo Fleva. Saa nane nikafunga laptopu bila kumaliza, roho inauma.

Na video zetu zenyewe zina sinema ndani! Wimbo unanoga, ghafla unakatika, jamaa anagombana na mpenzi wake kwenye gari dakika nzima, mlango unabamizwa, ndipo kiitikio kinarudi. Jaribu kupiga hiyo saa tano usiku watu wakiwa wamesimama.

Linaloniuma zaidi ni hili. Nikitaka house ya mtu wa Berlin ambaye hajawahi kusikia jina la Ngarenaro, maduka ya nyimbo mtandaoni yapo, Beatport tangu 2004, Traxsource nao wapo, nachagua MP3 ya 320, au WAV na AIFF ambazo sauti yake haijabanwa, naachia dola moja na senti au mbili, chai haijapoa wimbo uko kwenye flashi. (Kadi niliyoitengeneza kwenye pesa za simu ilikataliwa mara mbili ndipo ikakubali, na kuna duka lilinijibu kwamba haliuzi nchini kwangu. Hayo nimeshayazoea.) Bandcamp ndiyo raha kabisa: bei anapanga msanii, wao wanakata asilimia 15, ukishalipa unachagua mwenyewe FLAC au WAV. Na humo, sikilizeni kichekesho, nimekuta singeli. Singeli ya uswahilini Dar, WAV safi, mdundo zaidi ya 200 kwa dakika na kila ngoma unaisikia! Imetolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Yaani muziki wa Dar unapita Kampala, unapandishwa kwenye duka la Wamarekani, ndipo unanishukia mimi Sakina. Ila mji huu uliotoa makundi ya hip hop kama X Plastaz, Nako 2 Nako na Weusi, nikitaka wimbo mpya wa chalii wa Kijenge, ambaye naweza kumfuata kwao kwa bodaboda, niende kibandani.

Nilimtafuta meneja wa huyo msanii wa wimbo wa ndafu. Nikamwandikia kwa adabu zote: bosi, nauhitaji wimbo wenu, WAV, taja bei nilipe sasa hivi. Kimya siku mbili. Siku ya tatu akajibu: "Chukua YouTube kaka, tunaomba sapoti." Nikamwambia ninachotoa ni sapoti, ni hela, pokea! Akanitumia faili WhatsApp. Jina lake "FINAL FINAL 2". Uzito MB 3.4. Wimbo wa dakika tatu na nusu kwa 320 hauwezi kupungua MB 8, na WAV ya ubora wa CD ni kama 37. Studio wamelipa, video wamelipa, mavazi wamelipa, halafu wimbo wenyewe hawana?

Na kabla wanasheria wa humu hawajanirukia: najua kununua faili hakunipi kibali cha kupiga hadharani. Hicho ni cha wasimamizi wa hakimiliki, na mwenye ukumbi naye anahusika. Hilo tufungulie uzi wake. Hapa nazungumzia faili tu.

Ninachotaka ni kidogo kuliko mnavyodhani. Msanii aweke WAV mahali pamoja, aweke na toleo lisilo na maneno na lenye midundo kadhaa ya kuingilia, aandike lipa namba chini. Elfu mbili. Hata elfu tatu natoa. Madj mia moja wa Kaskazini wakinunua ni laki mbili mpaka tatu kwa wimbo mmoja, bila kumsubiri mtu wa kati.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Mliosema nijiunge na zile huduma za madj za kulipia kwa mwezi: nilijiunga, nikakaa miezi mitatu. Nyimbo za Marekani na za Kilatini utazikimbia. Za kwetu nilizihesabu kwa vidole, na vidole vikabaki.

Aliyeandika "wageni harusini hawajui 320 ni nini": hawajui, kweli. Wanajua tu kwamba DJ wa wiki iliyopita alikuwa anapiga vizuri kuliko wewe.

Produsa uliyesema una WAV za machalii watatu wa Unga Limited na wenyewe wameridhia ziuzwe, nimekujibu inboksi. Zitume kama dokumenti, usizitume kama sauti, na niandikie lipa namba kabisa. Nina sendofu Ijumaa.