Mrejesho: jiko langu la kuni limeacha kufuka moshi

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini jiko nililojitengenezea hapa Ujiji kwa debe na udongo wa kichuguu lilikuwa likijaza moshi jikoni, ingawa mlango wake wa hewa ulikuwa wazi muda wote. Mlinishauri niinue kuni juu ya wavu wa nondo ili hewa ipite chini yake, kisha nitoboe matundu karibu na sufuria, ili hewa ya pili iunguze moshi ambao bado haujashika moto.

Nimefanya yote mawili. Matundu ya juu niliyatoboa makubwa mno, moto ukapoa, nikalazimika kuyaziba nusu yake kwa udongo. Mlangoni nimeweka kipande cha bati kinachoteleza: wakati wa kuwasha nakifungua chote, na maharage yakishatokota nakirudisha hadi ibaki nafasi ya vidole viwili. Nikikifunga kabisa, moshi unarudi palepale.

Ufa wa ubavuni ulitokana na haraka yangu ya kukausha udongo juani. Safari hii nimechanganya pumba za mpunga na kuukausha kivulini. Mama bado analalamikia masizi ya sufuria, lakini kuni zenyewe, nakiri, zilikuwa mbichi.