Naomba ushauri: nichangie pesa taslimu au nifadhili teknolojia?

Wakuu, habari zenu. Nina akiba ndogo ninayotaka iwafikie watu maskini kabisa, popote walipo duniani, ila nimekwama kwenye njia. Shirika la misaada la GiveDirectly hutuma fedha moja kwa moja kwenye simu ya mhitaji, naye anaamua mwenyewe azitumieje. Hilo limenigusa, maana linamheshimu. Upande wa pili kuna wabunifu wa taa za sola, pampu na dawa ya kutibu maji. Navutiwa nao pia, lakini kifaa kikiharibika na fundi hayupo, mchango wangu umefia wapi? Najua wachumi Banerjee, Duflo na Kremer walipewa Nobeli ya uchumi 2019 kwa kupima kwa majaribio njia za kupunguza umaskini. Mliowahi kuchangia, mlikagua nini kwanza kabla ya kutoa?