Pwani ya kurudia kila mwaka Karibi: Eagle Beach (Aruba), Negril (Jamaika) au Barbados?

Mrima_Toronto
Naombeni ulinganisho kwa wanaozijua fukwe hizi. Watu wazima wanne, wawili kati yao wazee wenye magoti mabovu, na watoto wawili ambao kuogelea bado hawajaiva. Tunataka pwani moja, wiki mbili zilezile kila mwaka, mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Agosti kwa sababu ya shule. Wengine wanatokea Toronto, wengine Nairobi na pasi za Kenya. Ipi itafaa hata mwaka wa tano?

Nahodha_Kilindini
Kabla ya kupima mchanga, pima tarehe. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Tarehe zenu ziko ndani ya msimu. Anayekwenda mara moja anaweza kubahatisha, lakini anayerudi kila mwaka ipo siku zamu yake itafika. Jamaika iko njiani kabisa: kimbunga Beryl kilipita kusini mwa kisiwa Julai 2024, na Melissa ikatua magharibi mwake 28 Oktoba 2025 ikiwa daraja la 5, la juu kabisa. Aruba iko kusini sana, chini ya kilomita 30 kutoka Venezuela, na vimbunga vingi hupita kaskazini yake. Barbados imejitenga mashariki na hukwepa vingi, ila Elsa iliipiga Julai 2021 ikang'oa mapaa. Kwa Julai na Agosti, mimi nasema Aruba. Kwa Januari hadi Aprili ningejibu vingine.

Mwani_Paje
Naongezea mwani, maana ndio unaoharibu likizo nyingi kuliko vimbunga. Huu si ule unaolimwa kwetu Paje. Ni sagasamu, mwani wa kahawia unaoelea, na tangu 2011 umekuwa ukija kwa marundo makubwa kutoka katikati ya Atlantiki, hasa Machi hadi Agosti. Ukikaa ufukweni siku mbili tatu huanza kuoza, na hewa yake hunuka mayai viza. Mwenye pumu asikae karibu. Unasukumwa na upepo na mkondo kutoka mashariki, kwa hiyo fukwe zinazotazama mashariki ndizo zinazoupokea. Eagle Beach na Negril zinatazama magharibi. Barbados inategemea umepanga wapi: Bathsheba na Crane zinaupata, Paynes Bay na Mullins mara nyingi husalimika. Kabla ya kulipia nyumba, angalia kwenye ramani mlango unatazama upande gani.

Bibi_wa_Bridgetown
Msiiache Barbados haraka hivyo. Kwa wazee, Carlisle Bay haina mpinzani: maji yametulia, mchanga unashuka polepole, mji uko karibu kwa miguu. Dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani, kiwango kilichofungwa tangu 1975, kwa hiyo bajeti ya mwakani unaipanga leo. Daladala zao, zile za namba ZR, nauli ni dola 3.50 za kwao popote unaposhukia. Magari yanapita kushoto kama Kenya na Tanzania.

Mambo mawili ya kuwafundisha watoto siku ya kwanza. Mti wa manchineel humea ufukweni kabisa, na tunda lake ni la kijani kibichi, dogo, linafanana na tufaha na linanukia vizuri. Halionjwi. Utomvu wake mweupe hutoa malengelenge, na mvua ikinyesha, matone yanayodondoka kutoka kwenye majani yanaunguza vilevile, kwa hiyo usijikinge chini yake. Mingi imepakwa mkanda mwekundu kwenye shina, lakini si yote. La pili, nguo za mabaka ya kijeshi ni marufuku kisheria, hata kaptula ya mtoto.

Tanga_na_Demani
Kuhusu Aruba, upepo. Kwetu kusi na kaskazi hupokezana. Kule unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Eagle Beach iko magharibi, maana yake upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Maji yanaonekana shwari kama bwawa, na hapo ndipo hatari ilipo: mtoto aliyelala juu ya godoro la kupuliza husukumwa nje bila wimbi lolote kukuonya. Acheni magodoro nyumbani, au lifungeni kwa kamba na mtu mzima aishike. Mwavuli uzikeni nusu mita na kuulaza kuelekea upepo. Losheni ya jua yenye oksibenzoni (kemikali ya kuchuja miale ya jua) imepigwa marufuku Aruba tangu 2020. Na kuanzia Machi hadi Septemba kasa hutaga pale, wakiwemo noa. Viota huzungushiwa uzio, na usiku msimulike taa.

Karani_wa_Viza
Kwa pasi ya Kenya, Barbados haidai viza. Aruba inadai, isipokuwa kwa mwenye ukaazi halali wa Kanada, Marekani, Uingereza au Schengen, kwa hiyo watu wa Toronto watapita na wa Nairobi wataomba. Kupitia London kuna viza ya kupita. Kupitia Marekani pia, hata kama hutoki nje ya uwanja. Wanaotokea Nairobi wabebe cheti cha homa ya manjano, chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya safari.

Mrima_Toronto
Asanteni. Aruba inaelekea kushinda. Je, kununua wiki, ile ya kulipa mara moja na kurudi kila mwaka, inafaa?

Nahodha_Kilindini
Usinunue mwaka wa kwanza, na usinunue mezani kwa wauzaji wanaokualika kifungua kinywa cha bure. Bei ya ununuzi si mzigo. Mzigo ni ada ya matunzo, inayolipwa kila mwaka uende usiende, na inapanda. Juu yake huja michango ya dharura, kama paa likihitaji kubadilishwa. Muulize muuzaji: wiki ni ya namba maalumu (ileile kila mwaka) au ya kuelea (hubadilika)? Mkataba unaisha mwaka gani? Ada za miaka mitano iliyopita zilikuwa ngapi? Wiki hizohizo huuzwa na wamiliki waliochoka kwa sehemu ndogo ya bei ya mwanzo.

Bibi_wa_Bridgetown
Kodini nyumba, na siku ya kuondoka wekeni oda ya mwaka ujao moja kwa moja kwa mwenyewe, iandikwe kwamba amana inarudishwa hadi siku 60 kabla. Bima katieni siku mnapolipa amana. Kimbunga kikishapewa jina, bima inayonunuliwa baada ya hapo haikilipii.