Nimechaguliwa katibu wa kamati ya afya ya jamii yetu, nianzie wapi?

katibu_mpya

Wakuu salaam. Naombeni ushauri wa dhati. Wiki tatu zilizopita kwenye mkutano wa wakazi nilichaguliwa katibu wa kamati ya afya na ustawi wa jamii, mi si daktari wala nesi, nadhani walinichagua kwa kuwa nilikuwa naulizia sana habari za wazee wanaoishi peke yao. Jamii yetu ni ndogo, kaya kama 300, tuna zahanati moja yenye nesi mmoja na msaidizi wake, daktari anakuja mara moja kwa mwezi basi.

Kikao cha kwanza tulikaa masaa matatu, kila mtu na lake. Mmoja anataka tuchangishe tununue mashine ya ultrasaundi, mwingine anataka jengo liongezwe, mwingine anasema tuanze na vijana na pombe, nikatoka na karatasi mbili zina mambo 17 na sijui hata moja litafanywa na nani.

Ila kinachoninyima usingizi ni hiki. Kabla sijachaguliwa kuna mzee alifariki ndani kwake akakutwa siku ya tatu. Alikuwa mgonjwa wa presha, dawa anachukua hapo hapo zahanati, mwendo wa dakika 10 kwa miguu. Baadae nikaja kuambiwa alikuwa na miezi minne hajaenda kuchukua dawa, kadi yake ipo kwenye boksi pamoja na za wenzake. Miezi minne na hakuna mtu aliyeuliza mbona fulani haonekani. Sa naombeni mnisaidie, kamati ya watu wa kawaida inaanzia wapi ili kitu kama hiki kisitokee tena?

---

nesi_mstaafu

Pole sana mwanangu, na hongera kwa kukubali hiyo kazi. Nimefanya unesi miaka mingi kwenye vituo vidogo kwa hiyo niruhusu niwe mrefu kidogo.

Jibu lako umeshaliandika mwenyewe, lipo kwenye boksi la kadi. Ultrasaundi iache kwanza, mashine bila mtu aliyesomea kuitumia na kusoma picha yake ni samani tu, na hata ingekuwepo isingemwokoa yule mzee. Muombe nesi wenu mkae nae mchana mmoja atoe kadi zote za wagonjwa wa kudumu, presha, sukari, kifafa, pumu, TB, na za watoto wa chanjo na wajawazito, azigawe mafungu mawili tu, waliofika tarehe yao na wasiofika. We huna haja ya kuona nani anaumwa nini, hiyo ni siri ya mgonjwa, we unachotaka kujua ni idadi ya fungu la wasiofika. Nakuhakikishia likiwekwa mezani kikao hakitazungumzia jengo.

Kituo kinahesabu waliokuja. Rejista imejaa, ripoti ya mwezi imejaa, kila mtu anaona kazi inafanyika. Asiyekuja haandikwi popote. Na mara nyingi asiyekuja ndo mwenye hali mbaya zaidi, miguu imevimba hawezi kutembea, au ana msongo wa mawazo, au anajisikia vizuri akaona dawa za nini, maana presha haiumi, mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 anacheka na watu mpaka siku kiharusi kinampiga.

Kuna daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, alifanya kazi kijiji cha wachimba makaa ya mawe kinaitwa Glyncorrwg, watu karibu 2,000 tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaamua kupima presha watu wazima wote wa kijiji, wote, sio wanaokuja tu, na wale wasiofika wakafuatwa mmoja mmoja mpaka majumbani. Wakaendelea hivo zaidi ya miaka 20, na vifo vya watu chini ya miaka 65 vikawa pungufu kuliko kijiji jirani kinachofanana nacho. Huyo huyo mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri huwa inapungua kadiri wanaoihitaji wanavyozidi kuwa wengi, na mi nimeliona hilo kwa macho yangu kila nilikopangiwa. Udogo wa jamii yenu ni nguvu kubwa mwanangu, kaya 300 unaweza kuzijua zote kwa jina, mji mkubwa hauwezi.

---

maji_kwanza

Naheshimu aliyetangulia ila mi ningeanza na maji na vyoo. Unaweza kufuatilia kadi mwaka mzima halafu kisima kikachafuka wiki moja ukapoteza watoto. London mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu mtaa wa Soho ndani ya siku chache, John Snow akapita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walichota maji wapi, akagundua ni pampu moja ya Broad Street, mkono wa pampu ukaondolewa. Hakukuwa na dawa yoyote pale. Katibu, maji mnapata wapi, na choo cha karibu kipo umbali gani na chanzo? Isipungue mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko.

---

katibu_mpya

@maji_kwanza asante mkuu. Tuna bomba, na upande mmoja kuna kisima kinachotumika bomba likikatika. Umbali sijawahi kupima, kesho naenda na kamba. Na hilo la kupita nyumba kwa nyumba nimelipenda, naona hata wewe na mama nesi mnasema kitu kimoja.

---

binti_wa_mama

Naomba niseme la upande wa pili maana naona mnaongelea wagonjwa tu.

Nimemuuguza mama yangu kitandani miaka sita. Kiharusi. Kwenye hiyo miaka sita watu walikuja kumuona mama, walikuwa wema, wanasali, wanaondoka. Mimi hakuna aliyeniuliza nimelala saa ngapi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza inatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, mchana na usiku, hakuna aliyenifundisha hilo mpaka kidonda kilipotokea mgongoni na kisigino, nikawa nakisugua kumbe naharibu zaidi. Nesi alipokuja kunionesha ilimchukua nusu saa. Nusu saa! Jinsi ya kumgeuza bila kuumia kiuno, kuweka mto chini ya miguu visigino vielee, kumkausha haraka akilowa, kuangalia ngozi kila siku penye mfupa uliotokeza, ukiona pameiva pakibonyezwa rangi haibadiliki usimlaze hapo tena.

Kwa hiyo katibu kwenye hilo daftari lako weka na walezi. Nani anamuuguza nani, na huyo anayeuguza ana nani. Kitu nilichokuwa nakitaka kuliko hela ni mtu mmoja wa kukaa na mama masaa mawili kila wiki siku ile ile, nikaoge vizuri nikalale. Siku ile ile kila wiki, sio "ukihitaji kitu sema". Mtu aliyechoka hajui hata aseme nini, na akisema mara mbili anaona aibu mara ya tatu.

Uholanzi kuna utaratibu unaitwa Buurtzorg, alianzisha nesi anaitwa Jos de Blok mwaka 2006, timu ya manesi wasiozidi 12 wanahudumia eneo lao wenyewe bila bosi juu yao, na moja ya vitu wanavyofanya mapema wakifika kwa mgonjwa ni kuuliza nani wa karibu anaweza kusaidia, jirani, rafiki, ndugu, wanamuunganisha. Nyie timu ya manesi hamna ila hilo swali mnaweza kuuliza hata leo.

---

nesi_mstaafu

Binti yangu pole, na mungu akulipe kwa mama. Umenifundisha, kweli sisi kwenye kituo hatukuwa na mahali pa kumwandika mlezi.

---

mhudumu_wa_kaya

Mi ni mhudumu wa afya ya jamii mwaka wa tisa huu, nimesoma yote mazuri ila kuna mawili yanaua hii mipango na naomba katibu uyachukulie serious.

La kwanza siri. Kwenye jamii ndogo kila mtu anamjua kila mtu, na hapo ndo pagumu. Nina wateja wanapita mlango wa zahanati ya jirani wanapanda gari kwenda mbali kuchukua dawa zile zile kisa tu anayepokea kadi ni shemeji wa mtu. Ukianza kutuma watu wa kamati kwenda kugonga kwa "wasiofika" majirani watajua wote kwamba huyo ana kitu. Kwa hiyo usitembelee wagonjwa, tembelea nyumba zote. Zote 300, kwa zamu, kila kaya angalau mara moja kwa miezi mitatu, maswali yale yale kwa kila mlango: mnaendeleaje, kuna mtoto chini ya miaka mitano, kuna mjamzito, kuna anayeishi mwenyewe au asiyeweza kutoka, maji mnahifadhi wapi. Hapo hakuna anayenyooshewa kidole. Mwenye dawa nesi anamfuata au anampigia mwenyewe, kamati isijue. Na daftari lenu lisiwe na jina la ugonjwa hata mmoja, atakayevujisha atolewe siku hiyo hiyo hata akiwa mwenyekiti, mkishavuja mara moja hamfunguliwi mlango tena.

La pili, msijenge juu ya watu wa kujitolea bure. Miezi mitatu ya mwanzo wote wana moto, wa sita wamebaki wanne, wa kumi na mbili umebaki wewe na nesi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo wa wahudumu wa jamii, linasema walipwe kulingana na kazi, wawe na makubaliano ya maandishi, na malipo yasitegemee tu idadi ya vichwa walivyoleta, maana mtu akilipwa kwa kichwa anaacha kuhudumia anaanza kuwinda vichwa. Kama mna hela ya kuchangia ultrasaundi basi mna hela ya kuwalipa wahudumu wawili au watatu kwa muda mrefu, mi ningeiweka huko bila kufikiria mara mbili.

Na usitafute wasomi. Jamkhed, India, madaktari wawili mtu na mkewe, akina Arole, walianza mwaka 1970, kila kijiji kikachagua mwanamke wake, wengi hawakuwahi kukaa darasani, wakafundishwa uzazi salama, kuhara, chanjo, kupima watoto, na vifo vya watoto wachanga vikashuka sana. Mtu akishajua maji lita moja safi, vijiko vya chai sita vya sukari visivyojaa kilele na nusu kijiko cha chai cha chumvi, siku pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kunywesha mwenye kuhara) zimeisha anaokoa mtoto. Akishajua utepe wa kupima unene wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 huyo ni utapiamlo mkali anatakiwa kituoni leo, hahitaji cheti kuuvuta ule utepe. Anahitaji simu ya nesi inayopokelewa.

---

maji_kwanza

Hapo kwa malipo umegonga. Nyongeza tu, mkipita milangoni rudisheni majibu. Watu wamechoka kuulizwa maswali na watu wenye makaratasi wasioonekana tena. Kila baada ya raundi bandikeni ubao wa nje: tulitembelea kaya ngapi, tulikuta nini kwa idadi bila majina, tumefanya nini, nini kimetushinda. Hilo la kilichotushinda msilifiche.

---

katibu_mpya

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nesi alikaa na boksi la kadi mchana mzima. Watu wa dawa za kudumu ni 61, wasiofika mwezi uliopita 23. Nilisoma hizo namba mbili tu kwenye kikao, sikutaja jina wala ugonjwa, pakawa kimya, hata yule wa ultrasaundi alikaa chini akauliza "sasa tunafanyaje". Tumekubaliana hela iliyopo ilipe wahudumu wawili kwa mwaka mmoja kwa mkataba wa maandishi, wanapita nyumba zote. Kisima nimepima, choo kipo hatua chache tu, mita 14, tumekifunga kwa kunywa mpaka kitakapopimwa. Na binti wa mama, tumepata majina manane ya walezi na watu watano wa kukaa masaa mawili, siku zimeandikwa.

Bado nina swali moja. Kuna mama mmoja mzee anaishi peke yake, hataki kabisa kutembelewa, mhudumu kaenda mara mbili kafungiwa mlango. Akili yake timamu, ni mkali tu. Baada ya yale ya yule mzee siwezi kumuacha. Nifanyeje?

---

nesi_mstaafu

Ana haki ya kukataa mwanangu, usimtumie kiongozi wala usimvizie. Tafuta anaongea na nani, kila mtu ana mmoja, anayemletea maji, mtoto wa jirani, mwenzake wa ibada. Huyo mmoja akubali kitu kidogo tu, asipomuona mpaka saa nne asubuhi apige simu.

---

binti_wa_mama

Na mhudumu asiende na daftari. Mara ya tatu amuombe msaada badala ya kumpa, kama alikuwa mkunga au mshonaji amuulize kitu cha kazi yake. Mama yangu alikuwa hivo hivo.

---

katibu_mpya

Alikuwa mwalimu. Amemfundisha nusu ya watu wa hapa, na mmoja wa wahudumu wetu yumo. Namwambia aende Jumatatu.