Tanga nzima hakuna kamba ya mkonge? Hivi bidhaa za kwetu mnazificha wapi?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimefura, kwa hiyo mtanivumilia lugha. Na kama humu kuna mtu wa viwanda na biashara, asome mpaka chini.

Bi mkubwa wangu ana kitanda chake cha teremka-tukaze, miguu ya mninga, aliingia nacho kwa baba siku ya harusi. Magodoro tumemletea ya kila inchi, hataki, anasema yanamchemsha mgongo. Sasa kamba zimechoka, katikati pamebonyea kama mtumbwi. Fundi wa kuwamba tuliyempata ni mzee mmoja wa Makorora, mrefu kama mnazi, wa mwisho mwisho hao. Sharti lake lilikuwa moja: "Mwanangu, nailoni usiniletee. Inateleza, fundo halishiki. Niletee mkonge, pima sitini."

Nikacheka moyoni. Mkonge, Tanga! Nikamwambia mzee, kesho saa nne unazo.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita.

Duka la kwanza, Ngamiani, nimekuta kamba za nailoni za bluu, za kijani, nyingine za mistari kama soksi za mpira. Namuulizia muuzaji mkonge, ananitazama kama nimeomba taa ya chemni. "Kaka, nani anatumia mkonge siku hizi? Hii haiozi." Duka la pili vilevile. La tatu, la nne, mpaka Mgandini huko, nailoni tu. La tano ndiyo nikaona rangi ninayoijua, ile ya krimu inayong'aa, zimening'inizwa mlangoni. Nikashukuru Mungu. Nimegeuza lebo ya kijani, maandishi ya Kichina mwanzo mwisho, na chini kabisa kwa Kiingereza imeandikwa imetengenezwa China.

Kamba ya mkonge. Kutoka China. Inauzwa Tanga.

Hapo ndipo nilipopandisha. Wakuu, babu yangu mzaa baba alikuja mkoa huu kwa manamba, amekata mkonge mpaka vidole vikawa vigumu kama kucha. Mmea wenyewe ulifika 1893, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf, miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62, mwaka 1964 nchi hii ikatoa takriban tani 230,000. Bodi ya Mkonge iko hapa hapa mjini. Mlingano, Muheza, ndiko walikozalisha aina ya mkonge iitwayo 11648, ambayo leo inalimwa mpaka huko huko China. Singa zetu, yaani nyuzi za mkonge, zinafungwa marobota ya kilo 250, zinashuka bandarini, zinakwenda zao. Siwezi kula yamini kwamba ile kamba ya dukani ilitokana na robota letu. Lakini China ni mnunuzi mkubwa wa mkonge wetu, hebu nyie jumlisheni wenyewe.

Muuzaji akaniambia maneno yaliyonimaliza: "Ya hapa siletewi. Hii naletewa mpaka mlangoni kutoka Kariakoo, nalipa nikishauza."

Shikeni hilo neno, nitalirudia.

Nikasema basi, niende kwenyewe. Kuna kiwanda kimoja, jina naliacha, wanasokota kamba na nyuzi. Nimefika getini na boda, mlinzi ananiuliza nataka kontena ngapi. Namwambia pima sitini. Akaita mwenzake waje wacheke wote. "Sisi hatuuzi rejareja, kaka. Oda." Nikauliza, basi niambieni duka gani mjini mnaliuzia. Hakujua. Akaingia ofisini kuuliza, akatoka, na ofisini hawajui. Yaani mtu anatengeneza kitu Tanga na hajui Tanga kinauzwa wapi! Wanajua bandari tu.

Sasa kwa kuwa damu ilishachemka, nikasema wiki hiyo nyumbani tutanunua vya kwetu tu, tuone. Nikaingia duka kubwa moja la kujihudumia na orodha ya bi mkubwa. Wakuu, nilitumia saa nzima nikimulika lebo kwa tochi ya simu, mpaka binti wa humo akaja kuniuliza kama nimedondosha kitu.

Niwape nilichojifunza, kwa sababu wengi tunaibiwa kwa maneno matatu. Imetengenezwa. Imefungashwa. Imesambazwa. Mbele ya kopo wanakuwekea bendera, twiga, mlima Kilimanjaro, na neno "asilia". Geuza nyuma, utafute maandishi ya sisimizi. Kama imeandikwa "imefungashwa Tanzania", huenda pipa limetoka kusikojulikana, hapa limegawanywa tu kwenye vichupa. Kama ni "imesambazwa na", jua hapo kuna ofisi na stoo tu. Chupa moja ya asali niliyoishika ilikuwa na picha ya mzinga wa gogo na mzee wa kijijini anatabasamu, nyuma imesambazwa na fulani, S.L.P. Dar es Salaam, basi. Nyuki wa wapi hawakuandikwa. Nikapiga namba iliyopo pale. Dada akapokea, namuuliza asali inatoka mkoa gani, akaniambia, "Inatoka stoo."

Kijana wa kaunta kaniona nahangaika, kaniambia kwa kujiamini kabisa, "Bro, angalia namba ya mistari, ikianza 620 ni ya kwetu." Nilimwamini siku mbili nzima. Kumbe si hivyo. Ile 620 inaonyesha kampuni imechukua namba yake GS1 ya Tanzania, wale wanaogawa namba za mistari, haisemi kitu kimetengenezewa wapi. Kampuni ya hapa inaweza kuagiza bidhaa nje imekamilika, ikaibandika 620 yake kihalali kabisa. Na kinyume chake pia: GS1 ya hapa imeanza 2011, kabla ya hapo wenye viwanda wetu walikuwa wanachukua namba za majirani, 616 ya Kenya au 600 ya Afrika Kusini. Kwa hiyo unaweza kurudisha kitu cha ndugu yako kwenye shelfu ukachukua cha nje, na unatoka dukani umejaa uzalendo. Alama ya TBS, Shirika la Viwango, nayo ni hivyo hivyo, inakwambia ubora umepimwa. Ni jambo jema na msinunue chakula bila kuitazama, ila nayo si cheti cha kuzaliwa. Njia niliyobaki nayo ni moja: tafuta neno "imetengenezwa", na jina na anwani ya mtengenezaji. Kama anwani ina mtaa au kijiji, afadhali. Mwenye kiwanda cha kweli haoni haya kukuonyesha kilipo.

Juisi ndiyo usiseme. Boksi lina chungwa limekatwa nusu linadondosha tone. Ukisoma viungo, rojo la machungwa lililoagizwa, sukari, rangi. Na hapo nimetoka kupishana na malori ya machungwa ya Muheza yanaelekea Horohoro kwa wanunuzi wa Kenya, na yaliyobaki yanaoza chini ya miti. Bi mkubwa, ambaye kwao ni Muheza, alilionja, akalitema, akaniambia, "Hili chungwa halina mama."

Nisiwe mnafiki, vipo vya kwetu vinavyopatikana bila kutafuta. Maziwa ya Tanga, kila kibanda. Saruji ya Pongwe, hata usiku unapata. Chumvi ya mashamba ya pwani hii ipo, ukisoma lebo. Iliki na pilipili manga za Amani nenda sokoni kwa akina mama wanaopima kwa kijiko, achana na vipakti. Lakini hebu vitazameni hivyo vitu vizuri. Maziwa yanaharibika. Saruji ni nzito, nauli yake inaumiza. Vinavyotufikia ni vile ambavyo ni shida kuvitoa mbali! Kikishakuwa chepesi na hakiozi, kama kamba, ndoo, kiberiti, kijiti cha meno, tumekwisha.

Kamba nilipata kwa bahati. Dereva wa boda aliyenitoa pale kiwandani, baada ya kunisikia nalalamika njia nzima, ananiambia, "Si ungesema? Yupo mzee Muheza anasokota." Kesho yake nikapanda gari.

Mzee mwenyewe mfupi, kapiga kofia yake ya kiua, karakana yake iko chini ya mwembe. Rimu ya baiskeli kaifunga kwenye shina, kaitia mpini wa mti, kuna kulabu tatu za waya. Mjukuu anazungusha rimu, mzee anarudi kinyumenyume taratibu, singa zipo kiunoni kama sketi, anazilisha kwa vidole viwili. Singa zinavyojisokota unasikia kama mtu anatembea kwenye majani makavu. Akifika kwenye mpapai anasimama, anaunganisha nyuzi tatu, kamba imetoka. Singa zenyewe ni zile fupi zinazobaki korona, kwenye mashine ya kuchambua mkonge, anazinunua kwa kilo. Kamba ngumu, safi, inanuka mkonge wenyewe.

Nikamwamkia, nikamuuliza, shikamoo mzee, mbona mjini huleti? Akanitazama, akaendelea kusokota kwanza. Halafu ndio akasema. Alikuwa analeta. Wenye maduka wanachukua mali kauli, wanamwambia arudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi anaambiwa haijaisha. Anapanda gari mara tatu kufuata elfu kumi na tano. Duka moja walimlipa baada ya miezi minne, nusu, nusu nyingine wakamwambia panya wamekula. "Panya anakula mkonge?" Mzee alicheka mpaka akaachia singa. Duka jingine wakamtaka lebo na risiti ya mashine ndiyo wachukue. Basi akaacha. Sasa anauza kwa wenye mbuzi wa pale pale kijijini.

Mnaona sasa? Yule muuzaji wa mjini aliniambia ya China analetewa, analipa akishauza. Mwenye stoo Kariakoo anaweza kusubiri miezi mitatu, ana makontena. Mzee anayenunua singa kwa kilo atasubiri na nini? Mali kauli ile ile, mmoja inamlisha, mwingine inamfilisi. Halafu kila mwaka tunasimamishwa juani kwenye maonesho, tunahubiriwa kupenda vya kwetu, mtu wa banda anakupa kadi nzuri, ukipiga baada ya mwezi namba haipatikani. Jamani, kupenda tunapenda! Mimi nimetumia nauli ya Muheza kwa ajili ya kamba ya kitanda, mnataka mapenzi gani zaidi? Tuonyesheni duka.

Na wenye maduka mnaosoma humu, najua mpo. Pima mia za kamba mnashindwa kumlipa mzee wa watu taslimu? Mbona soda mnalipa gari likiwa halijazima injini?

SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wapo mkoani, kazi yao tangu 1973 ni hawa hawa wadogo, kuwafundisha, kuwasogeza TBS, kuwasaidia vifungashio. Nilimwambia mzee aende. Akaniuliza, "Nikienda, nani atasokota?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Nadhani wao ndio wamfuate chini ya mwembe, ila hayo ni mawazo yangu.

Kwa hiyo naomba hivi, tusijaze uzi kwa siasa. Mwenye kujua mahali Tanga, Muheza, Korogwe au Pangani ambapo mtu wa kawaida ananunua kitu kilichotengenezwa hapa, kimoja kimoja, aandike mtaa na bei. Mafuta ya nazi, vikapu, sabuni ya mwani, jembe, viatu, chochote. Msiniandikie "vipo vingi tu". Vipo wapi?

Kuhusu kitanda: nilirudi na kamba zangu, pima sitini, nimezihesabu mwenyewe mzee akizipima kwa mikono, nimelipa taslimu na juu nimemwachia ya sukari. Jana fundi wa Makorora kaja. Kaipapasa kamba, kanusa, kafurahi. Akatanua ile mikono yake mirefu akaanza kupima upya. Alipofika mwisho ananiambia, "Mwanangu, hizi ni hamsini na mbili."

Mzee wa Muheza nimeshawaambia ni mfupi.

Kitanda kimewambwa robo tatu, bi mkubwa kalala kwenye mkeka jana na hasemi na mimi. Kesho nakwenda tena Muheza kufuata pima nane. Mwenye njia nyingine aniambie kabla ya saa mbili asubuhi.