Kampuni za simu, acheni kutuuzia rauta za nyumbani bila kupima mtandao ndani ya nyumba zetu

Wakuu, habari za muda huu. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Naishi Goba, Dar es Salaam, upande wa bondeni. Mnara wa kampuni ninayotumia uko ng'ambo ya kilima. Kijana wao wa mauzo alipokuja kuniuzia rauta ya 4G, alisimama kule juu barabarani, akapima spidi kwenye simu yake, akanionyesha, akachukua namba yangu ya NIDA na hela, akaondoka. Ndani hakukanyaga.

Tangu hapo ni mateso. Jioni mtoto akifungua somo, video inazunguka tu. Bando la mwezi linaisha muda wake na GB kibao sijazigusa, kwa sababu mtandao wa kuzitumia haukuwepo. Hela yangu imeliwa na huduma sijapata! Mama yangu anapiga kutoka Tukuyu anaambiwa namba haipatikani, wakati simu ipo mezani mbele yangu na vijiti viwili vinaonekana.

Ukipiga huduma kwa wateja, wimbo ni mmoja: zima rauta, subiri kidogo, washa. Ukiwa mbishi wanakuuliza waifai inasoma vijiti vingapi. Ukijibu vimejaa, wanasema basi mtandao uko vizuri, angalia simu yako. Huu ni uongo na wanajua. Vijiti vya waifai vinaonyesha mawasiliano ya simu na rauta iliyo hatua tatu kutoka kwenye kochi. Havisemi lolote kuhusu rauta na mnara, na ugonjwa uko huko.

Kwa hiyo nilipima mwenyewe. Kwenye Android nyingi, ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, halafu hali ya laini, utaona nguvu ya mtandao kwa dBm. Namba ina alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao unavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, -80 ni raha, ikishuka chini ya -110 unaanza kuteseka. Sebuleni kwangu inasoma -118. Nikapanda kwenye stendi ya tangi la maji, simu ileile, laini ileile: -98. Kila dB 10 ni nguvu mara kumi, kwa hiyo kati ya kochi na tangi kuna tofauti ya mara mia moja. Sasa simu yangu ina ubovu gani?

Sababu zinajulikana. Kilima kimekaa katikati. Bati za msauzi zinarudisha mawimbi, kuta za zege na nondo zinayala, na masafa ya juu kama megahezi 1800 na 2600 hupenya kuta kwa shida kuliko 700 au 800. Hata chaji kuisha haraka kunatokana na hapo, simu inapaza nguvu muda wote ili mnara uisikie. Haya mambo mafundi wao wanayajua kuliko mimi. Kumtuma mtu aingie sebuleni na kupima kabla ya kupokea hela kungewagharimu nini?

Kilichonichefua zaidi, mmoja wao alinishauri nikatafute busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao, Kariakoo. Yaani mtoa huduma mwenye leseni ananituma nikanunue kifaa ambacho hajui hata kama kimethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano! Busta mbovu au iliyofungwa vibaya inarusha kelele hadi kwenye mnara, na majirani wote wanakosa mtandao. Wakuu, msiingie huko.

Nimeishia kumlipa fundi. Kafunga antena ya nje juu ya mlingoti, kaielekeza upande ambao namba ilisoma vizuri, waya mfupi mpaka kwenye rauta maana waya mrefu unameza mawimbi. Kabla ya kununua hakikisha rauta yako ina matundu ya antena, nyingine hazina. Rauta tumeitoa kwenye kabati la TV tukaiweka juu ukutani. Vyumba vya mbali tunatumia waifai ya masafa ya GHz 2.4, inapita ukuta vizuri. Ile ya GHz 5 ina kasi ila haifiki mbali.

Intaneti sasa inatumika. Simu za kawaida bado, kwa sababu antena inaisaidia rauta peke yake. Dawa ni kupiga simu kupitia waifai. Simu yangu ina uwezo huo, kampuni haijaufungulia kwenye laini yangu, na kila nikiuliza napewa namba ya malalamiko mpya.

Gharama za antena, mlingoti na fundi zimetoka mfukoni kwangu ili bidhaa yao ifanye kazi waliyoitangaza. Nataka wanirudishie hela hiyo pamoja na bando zilizokufa, na wafungue simu za waifai kwa sisi tulio mabondeni. Namba zote za malalamiko nimezitunza, na picha za vipimo ninazo. Jumatatu zinakwenda TCRA.

Mlioko Goba, Madale, Kibamba na kwingine kwenye mabonde, pimeni sebuleni na nje, wekeni hapa namba za dBm na eneo lenu. Nitaziambatanisha.